Kamera ya Mtani

Saa nne kasoro dakika saba asubuhi, Jumanne, simu yangu iliita nikiwa nampima mteja kiuno. Alikuwa Shomari, mtoto wa kwanza wa Kondo. "Shikamoo, mama. Mzee ametutoka alfajiri. Tunazika leo baada ya alasiri, na hapa nyumbani hatuna mtani hata mmoja wa maana." Nilimaliza kupima, nikaandika sabini na nane kwenye karatasi ya mteja, ndipo nikaitikia marahaba, kisha nikasema pole. Ndivyo ninavyofanya kazi: namba kwanza, maana namba ikiponyoka hairudi, na pole inaweza kungoja. Sitasema kwamba nilisikitika. Nilikaa na futi yangu shingoni, na nilichokiona mbele yangu hakikuwa uso wa Kondo bali begi jeusi la kamera, zipu yake imekufa upande mmoja, likining'inia begani mwake juu ya pikipiki, likiondoka kijiji cha Puge.

Kondo alikuwa Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi. Kwa wasomaji wengi hilo linatosha, lakini kwa vijana waliokulia penye watu wasioulizana makabila nitaeleza kidogo. Tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kuelekea pwani, sisi na wao ni watani. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako. Ana ruhusa ya kuchukua kitu chako na kukwambia ukikomboe. Siku ya msiba wako ana ruhusa ya kulala mlangoni maiti isitoke mpaka apewe chochote, na wewe unayo ruhusa hiyo hiyo kwake. Sharti lake ni moja tu: hakuna kukasirika. Anayekasirika ndiye mwenye makosa, hata kama ndiye aliyeumizwa. Nimewasikia wasomi redioni wakiusifu utani kwamba uliwafanya watu wasiojuana walale nyumba moja bila kuchomana visu. Pengine ni kweli. Mimi nilikaa ng'ambo ya barabara kutoka kwa mtani wangu kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninachoweza kushuhudia ni kwamba visu vilikuwapo, ila tulivishika tukicheka.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na tisa na cherehani moja, kwenye baraza ya duka la misumari na mabati, Ng'ambo, hapa Tabora. Mbele yangu, upande wa pili wa barabara ya vumbi, ilikuwa studio ya Kondo. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na juu ya maji ndege inayoruka karibu mno na mwamba. Kulikuwa na kiti cha bibi harusi cha rangi ya dhahabu, mguu mmoja umefungwa waya, na maua ya plastiki ambayo mke wake, Mama Shomari, aliyaosha kila Ijumaa kwa sabuni ya unga. Ndani kulinukia udi na waya uliopata moto. Kondo alikuwa mtu mzima kuliko mimi kwa miaka kumi hivi, mnene wa shingo, aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi iliyokuwa mitupu. Ndiye pekee mtaani aliyekuwa na kamera ya video ya kanda ndogo, aliyoitoa Dar es Salaam, na harusi zote za maana zilipita mikononi mwake. Kila asubuhi alifungua mlango kwa kelele ileile.

"Mpagazi wangu! Leo umebeba nini?"

"Nimebeba akili, Mzaramo. Kwenu haijafika, sijui niishushe wapi."

"Ishushe hapo, jioni tutaichezea ngoma."

"Mngechezea nini kingine? Jembe mnaliogopa kama nyoka."

Wauza misumari walicheka. Nami nilicheka, na wakati ule nilikuwa nacheka kweli.

Nilijifunza kupiga picha kutoka kwenye takataka zake. Kijitabu cha maelekezo kilichokuja na ile kamera alikitupa kwenye pipa, kurasa za kati zimeshikana kwa mafuta ya vitumbua. Nilikiokota, nikakianika juani, nikakisoma kwa kamusi ya shule ya mpwa wangu, neno baada ya neno, mpaka nikafika nyuma ya jalada. Sikuwa na mwalimu na sikumtafuta. Nilijifunza kwamba kamera haioni kama jicho; inaona kama kitambaa kinavyonyonya rangi, ikiwa kidogo inafifia, ikizidi inachuja. Nilikwenda studio kwa visingizio vya kurekebisha mapazia, nikaishika ile kamera, nikabonyeza vitufe ambavyo mwenyewe hakuwahi kuvigusa. Kondo aliniona na akaniacha. Yeye alipenda hadhira, na mimi nilikuwa hadhira inayojua kushona.

Nilikuwa na hadithi. Ilikuwa fupi, na ilihusu mwanamke anayefuatana na mumewe mpagazi. Mume anakufa njiani, mwanamke anamzika, anautwika mzigo wa mumewe kichwani na kuufikisha pwani ili adai ujira. Hadithi hiyo aliniimbia shangazi yangu wa Puge, dada yake baba, aliyeipata kwa mama yake, ambaye baba yake aliibeba mizigo hiyo yeye mwenyewe. Ninasema aliniimbia kwa sababu haikuwa hadithi ya kusimuliwa. Zilikuwa nyimbo tano za kutembelea, kila moja na mwendo wake: ya kuondoka, ya jua kali, ya mtoni, ya maiti, na ya kuona bahari. Shangazi alikuwa hana meno ya mbele na alikuwa na mdomo mchafu kuliko makuli wa stesheni, na hakuwa akiimba bila ugoro. Nilichotaka ni kuziweka sauti zile mahali ambapo kifo hakifiki. Filamu nyingine ningeweza kuipiga wakati wowote. Hiyo haikuwa na wakati wowote.

Fedha nilizokuwa nazo, za kushona sare za shule misimu miwili, zilikuwa shilingi laki nne na kumi na mbili elfu. Na kamera zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mmoja aliyehamishwa, aliyekuwa anauza vitu vyake vyote mpaka brashi ya viatu. Aliitaka laki tatu na nusu na hakupunguza. Kioo chake kilikuwa na ukungu pembeni na betri yake ilidumu muda wa kuchemsha maharage mabichi. Ya pili ilikuwa ya Kondo, nzima, yenye sauti safi na betri tatu. Nikinunua ya mwalimu nabaki na elfu sitini na mbili, na kwa elfu sitini na mbili huwezi kuwasafirisha wenzangu wa kwaya ya kanisa mpaka Puge, ukawavika kaniki, ukawalisha, na ukawalipa wanakijiji kidogo kwa siku walizoacha karanga zao shambani. Nikiazima ya Kondo, fedha yote inakwenda kwenye filamu. Nililipima jambo hilo kama ninavyopima kitambaa cha mtu mwingine, mara mbili kabla ya mkasi.

Veronika ndiye aliyenipinga. Alikuwa mwimbaji mwenzangu wa kwaya kanisani kwetu kwa Wamoraviani, mwanamke mrefu mwenye mabega ya kubeba maji, na ndiye niliyempa nafasi ya mke wa mpagazi. Tulikaa chumbani kwangu, sahani ya matobolwa katikati yetu, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tukivitafuna na karanga mbichi.

"Nunua," akasema.

"Watu thelathini watakula nini?"

"Watachemsha ukungu wa hicho kioo wanywe. Kabula, kitu cha mtu kina miguu."

"Cha Kondo hakina. Mimi namwona tangu asubuhi mpaka jioni."

"Wewe si fundi cherehani? Nguo ya kuazima haifanyi nini?"

"Haisitiri matako."

"Ahaa. Basi kesho usije kwangu umeyashika kwa mikono miwili."

Nilicheka mpaka karanga ikanipalia. Nakumbuka bado nilivyokuwa na uhakika. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na mpaka leo nikiirudia ni sahihi. Tatizo ni kwamba kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukiweka kwenye hesabu kwa sababu nilikivuta kama hewa tangu nizaliwe.

Nilikwenda kwa Kondo mchana kweupe na karatasi niliyoiandika vizuri: siku nne, elfu kumi na tano kwa siku, nikiharibu nalipa. Wateja watatu walikuwa wamekaa wakingoja picha za pasipoti. Aliisoma karatasi kwa sauti, akainua kichwa, akawageukia.

"Mnasikia, jamaa? Mnyamwezi anataka kunikodi! Babu yake alimbebea mizigo babu yangu kwa kipande cha kaniki, leo mjukuu ananiletea elfu kumi na tano."

"Taja bei yako basi, Mzaramo."

"Bei? Na mtani? Unataka watu wa kwetu wanitengee sahani ya peke yangu?" Aliikunja ile karatasi ikawa pakacha dogo, akaifinya ncha, akamiminia karanga kutoka kwenye bakuli la Mama Shomari, akanipa. "Kula. Kamera chukua Alhamisi. Mpagazi hubeba, hatoi."

Wateja walipiga makofi. Nilitoka na karanga zangu mkononi ndani ya mkataba wangu, nikihesabu kwamba nimeokoa elfu sitini. Ni Mama Shomari tu ambaye hakucheka. Alikuwa anafuta kile kiti cha dhahabu, na bila kunitazama alisema, "Ungemlazimisha aipokee hiyo karatasi, mwanangu." Nilidhani ananionea wivu. Leo najua alichojua yeye: bei ni ukuta, unamzuia anayeazima na unamzuia mwenye mali pia. Kitu kilichotolewa bila bei kwa utani kinaweza kuchukuliwa vilevile, bila taarifa na bila aibu, na katikati ya watu.

Puge tulifika Ijumaa jioni kwenye lori la magunia matupu. Nyumba ya shangazi ilikuwa ya matofali mabichi, chumba cha mbele kina mlango unaotazama magharibi, hivyo kuanzia saa tisa jua linaingia lote na kulala sakafuni kama mkeka. Nilikijua chumba hicho tangu utotoni lakini ilikuwa mara ya kwanza kukitazama kama fundi. Asubuhi yake niliwahamisha kuku, nikamkalisha shangazi kwenye kigoda pembeni mwa pale ambapo ule mwanga ungelala, nusu ya uso ndani na nusu nje.

"Mwangaluka, shangazi," nikamwamkia kwa lugha yetu. "Tuanze?"

"Tuanze nini? Ugoro uko wapi? Na hilo jicho ni la nani?"

"Nimeazima kwa mtani wangu, Mzaramo."

"Mzaramo!" Alitema pembeni. "Nitaimba haraka basi. Jicho la kuazima halilali kwako."

Aliimba Jumamosi yote, na mapumziko ya kula. Tulikula ugali na mlenda, na maziwa ya mgando yaliyoletwa na jirani mfugaji ambaye alitaka kuona kama kamera inaweza kumpiga fahali wake. Shangazi aliimba wimbo wa kuondoka akipiga kifua, wa jua kali akifumba macho, na alipofika wimbo wa maiti alisimama bila kuambiwa, akauimba amesimama, mikono kichwani ikishika mzigo usiokuwapo. Veronika alitoka nje akalie. Mimi sikulia, nilikuwa natazama kama sauti inapanda sana. Nyimbo zote tano zilienea katika kanda moja. Niliandika juu yake kwa kalamu, herufi kubwa, SHANGAZI NYIMBO, nikairudisha begini.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda mbugani kwa ajili ya msafara wenyewe. Kilikuwa kiangazi, nyasi zimekauka rangi ya mkate. Watu thelathini walisimama mstari mmoja na mizigo kichwani: magunia ya pumba yaliyofungwa kama pembe na shaba, vyungu, majembe. Shangazi alikuwa amechinja mbuzi wake, si kwa upendo bali kwa sababu hakutaka wageni wa mjini waseme Puge kuna njaa, na moshi wa ile sufuria ulipita nyuma ya mstari vizuri kuliko ningeweza kuupanga. Nilikuwa nimepiga mara moja kwa mbali. Nilikuwa nasogea kupiga nyuso ndipo ikasikika pikipiki.

Kondo alikuja amevaa kizibao chake, miwani ya jua na viatu vya harusi. Hakushuka mara moja. Alizunguka mstari wa watu akipiga honi. "Safi! Wapagazi wangu wote wapo! Mshahara wenu uko pwani, endeleeni kutembea!" Watu wa Puge, walipotambua kwamba ni Mzaramo, walipiga vigelegele. Mmoja alimwambia ashuke abebe naye, mwingine akamuuliza kama kwao wamekwisha kujifunza kupika au bado wanakula ngoma. Alijibu kila mmoja. Alikuwa hodari, hilo sitamnyima. Kisha akanyoosha mkono kwangu.

"Lete, mpagazi. Isikizya kuna harusi ya mtoto wa tajiri wa ng'ombe. Nimepata kazi jana."

"Kondo, siku zangu nne hazijaisha. Watu hawa wamesimama."

"Wasimame. Kusimama na mizigo ndiyo fani yenu."

"Nakuomba. Saa moja tu."

"Mnasikia? Ananiomba! Mnyamwezi ameishiwa matusi, anaomba!" Walicheka wote, na watu wangu wa kwaya pia, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Alikuwa ameshaukamata mkanda wa begi. Nami nilikuwa bado nimeushika. Tulivutana pale kama watoto na khanga, na nikahisi uso wangu unabadilika.

Shangazi alikuwa nyuma yangu. Alisema kwa Kinyamwezi, taratibu, nimsikie peke yangu: "Mchekee, Kabula. Ukimkasirikia mtani mbele ya watu wangu, utakuwa umenivua nguo." Nikaachia. Nikacheka. Kicheko kile nakikumbuka mdomoni kama sarafu.

"Kanda ya shangazi imo humo ndani," nikasema. "Nipe."

"Nitakutunzia!" Na begi likapanda pikipiki.

Watu walitua mizigo mmoja mmoja. Mbuzi alikuwa tayari, tukamla. Alikuwa mtamu, na kila mtu alirudia maneno ya Kondo na kuyaongezea chumvi, na jirani mfugaji aliuliza kama fahali wake bado ana nafasi.

Nilimngoja Kondo afungue studio, na alifungua baada ya siku kadhaa, maana baada ya Isikizya alipata harusi nyingine. Niliingia nikamwomba kanda. Alijikuna shingo. Alisema kanda zilimwishia katikati ya karamu. Sikumwelewa, kwa hiyo aliiweka kwenye mashine akanionyesha, bila aibu yoyote, kama anamwonyesha mteja kazi nzuri. Niliona bibi harusi akiteremka kwenye gari. Niliona keki, shangwe, mjomba mlevi akitunza noti, watoto wakigombania soda. Nilisimama mbele ya lile pazia la maporomoko nikaitazama harusi ya watu nisiowajua tangu mwanzo mpaka mwisho. Picha ya mwisho ilikuwa ya ng'ombe wa mahari. Kisha ikatokea michirizi, na chini ya michirizi ukatokea mlango wa magharibi wa Puge, mwanga sakafuni, mkono wa shangazi ukipapasa hewani. "Mmemaliza?" akasema. "Leteni ugoro basi, koo limekauka." Kanda ikaisha.

"Unaona?" Kondo akasema. "Yumo."

"Niliandika juu yake. Kwa herufi kubwa."

"Niliona. Lakini yule si yupo tu? Bibi anaimba bure, ataimba tena. Harusi hairudiwi, mpagazi wangu, waliniwekea ng'ombe kuwa malipo."

Wateja walikuwapo, wawili. Nilikichukua kiti cha dhahabu nikakitupa nje barabarani. Nilimwambia Kondo mambo ambayo sitayaandika hapa, na hayakuwa ya utani, na kila aliyesikia alijua kwamba si ya utani kwa sababu sikumwita Mzaramo hata mara moja. Nilimwita kwa jina lake na la baba yake.

Jioni ileile wazee wa mtaa walikaa barazani kwa duka la misumari, Wanyamwezi wawili na watu wa pwani wawili, wakaniita. Hawakuuliza habari ya kanda. Waliuliza kama ni kweli nimemkasirikia mtani. Mzee wa upande wetu, mtu aliyenijua tangu nikiwa na meno ya maziwa, alitikisa kichwa. "Mwanangu, angekuchomea nyumba, ungekwenda polisi, huko kuna sheria yake. Lakini kukasirika? Unataka sisi tukipata msiba nani atuzikie?" Nilitozwa kuku jogoo. Nilimnunua sokoni kwa elfu nne, mwekundu, na desturi ilinitaka nimpike mwenyewe. Nilimpika kwa karanga. Kondo alimla barazani kwake mbele yangu, akinyonya mifupa, akiwatupia wapita njia maneno. "Mnyamwezi anajua kupika! Kumbe hasira zinaongeza ladha!" Mama Shomari alininawisha mikono, na maji yalikuwa ya moto kidogo, kama anayenawisha mgonjwa.

Shangazi hakuimba tena. Nilirejea Puge na kamera ya kukodi kwa bei iliyoandikwa na kutiwa sahihi, lakini alikuwa amelala chini kwa kifua, sauti imebaki pumzi. Alifariki kabla mtama haujakomaa. Wimbo wa kuondoka ninaujua. Wa mtoni ninaujua nusu. Wa maiti Veronika anakumbuka mwendo lakini si maneno. Nilinunua kamera yangu miaka mitatu baadaye, ya kwangu, na tangu hapo nimepiga filamu fupi kumi na moja, na sijaazima hata kamba ya umeme. Vijana wanaokuja kunitaka ushauri nawaambia wanunue ile mbovu. Wananiambia kwamba wenye uzoefu wote wanasema azima, anza na ulicho nacho, fedha weka kwenye hadithi. Nami nawaambia hesabu hiyo ni nzuri, niliwahi kuipiga.

Kondo na mimi tuliendelea kutaniana kila asubuhi kwa miaka yote iliyofuata. Hatukuwa na njia nyingine ya kuongea. Aliponiita mpagazi wangu, nilimjibu. Watu walitupenda, walileta wageni watusikilize.

Kwa hiyo Jumanne ile nilifunga cherehani nikavuka barabara. Ua ulikuwa umejaa, sufuria za pilau juu ya mafiga, wanawake kwenye mikeka, wanaume nje chini ya turubai. Mama Shomari, mzee sasa, alinishika mkono bila kuutaja msiba. Aliniongoza chumbani akafungua kabati, akatoa kile kizibao chenye mifuko mingi na begi jeusi la kamera. Ndiyo kazi ya mtani: kuvaa nguo za marehemu, kumwiga, watu wacheke kabla ya kulia. "Vaa," akasema. "Na usimwonee huruma." Alinitazama machoni, na nikajua kwamba yeye hajamsahau yule jogoo.

Nilivaa. Nilitoka na shingo nene na tumbo mbele, kamera iliyokufa zamani begani, nikipiga honi kwa mdomo. "Wapagazi wangu! Mnalia nini? Kulia na mizigo ndiyo fani yenu!" Ua ulipasuka kwa kicheko, ilikuwa sauti yake hasa, nilikuwa nimeifanyia mazoezi miaka ishirini bila kujua. Niliwapiga picha waombolezaji nikawaambia kanda imekwisha, nitawafuta mama zao. Walishika mbavu. Mwanamke mmoja alianguka kwenye mkeka akicheka machozi yanamtoka.

Walipolitoa jeneza nililala mlangoni. Wabebaji walisimama juu yangu. "Lete hilo jeneza," nikasema. "Nina harusi Isikizya."

"Mama, tafadhali," Shomari akasema akitabasamu, macho mekundu.

"Ananiomba! Mzaramo ameishiwa matusi! Kwani jeneza ni lake? Si la msikiti? Si mtalirudisha jioni? Kondo, unasikia? Wewe uliyekuwa ukifuata chako mpaka Puge, leo unakwenda kwa cha kuazima. Nikikushusha hapo katikati ya njia utafanyaje? Utakasirika?"

Walicheka mpaka wabebaji wakalitua chini. Hakuna aliyejua kwamba sikuwa nimetania hata neno moja, isipokuwa mmoja, na yeye alisimama nyuma yangu kwenye fremu ya mlango. Nilidai laki nne na kumi na sita elfu: laki nne na kumi na mbili zilizoliwa Puge, na elfu nne ya jogoo. Mzee mmoja wa kwao alisema mtani huyu ana akili, hata fidia anaidai mpaka chenji. Walichanga kwenye kofia. Shomari alipiga goti akaniwekea mkononi noti mbili za elfu kumi, akaninong'oneza, "Mama, mwache mzee apite. Yameisha?"

Nilisimama, nikazitia kwenye moja ya ile mifuko mitupu, nikaacha njia. Kondo akapita.

Zimebaki shilingi laki tatu na tisini na sita elfu.